Picha ya Asubuhi

Mgodini walimwita Dada Diski, na jina hilo hakulipenda hata siku moja. Lilianza kwa mzaha. Kila aliyemwendea na shida ya kompyuta, iwe barua haifunguki au printa imegoma, alimwuliza kwanza, "Diski yako imebaki na nafasi kiasi gani?" Watu wakacheka, jina likamganda. Hata wachimbaji ambao hawakuwahi kuiona diski kwa macho yao walimpigia kelele getini, "Dada Diski, nafasi ipo?" Naye alijibu ipo tele, akapita zake.

Mdogo wake naye alikuwa na jina la kubandikwa. Wazazi walimpa jina zuri tu, lakini urefu wake uliwashinda watu, wakamwita Twiga. Alikuwa mtoboaji wa miamba katika njia ya mwisho, ile ya chini kabisa, ambako hata mtu wa kimo cha kawaida hutembea ameinama. Twiga alitembea humo amejikunja mara mbili, na jioni alipopanda juu ilimchukua muda kujinyoosha, wenzake wakimhesabia mifupa inavyolia. Alikuwa kitinda mimba. Siku alipopata kazi hiyo mama yao hakulia wala hakukataza. Alimshika tu Dada Diski mkono, akamwambia, "Wewe uko huko huko. Nimekukabidhi." Tangu hapo, kila alipofika kazini, kabla ya kuweka hata mkoba chini, Dada Diski alichungulia kwanza chumba cha uangalizi kuutazama Ukuta.

Ukuta huo haukuwa wa matofali. Ilikuwa skrini kubwa iliyochukua upande mzima wa chumba, imejaa tarakimu za kijani: oksijeni kiasi gani katika kila njia ya chini, gesi ya sumu kiasi gani, upepo wa mafeni unakwenda kasi gani. Nyuma yake kulikuwa na chumba chenye baridi, na ndani ya chumba hicho kompyuta moja kubwa iliyokuwa ikivuma mchana na usiku. Tumboni mwa kompyuta ile ziliishi nyingine ndogo ndogo zisizo na mwili, ambazo mafundi huziita mashine pepe. Kila moja hudhani ni kompyuta kamili, ina diski yake na akili zake. Moja ilishughulika na mahudhurio, nyingine na vifaa vya stoo. Ile muhimu kuliko zote waliiita Mashine ya Hewa. Ndiyo iliyopokea vipimo kutoka chini, ikaviandika kwenye diski yake, kisha ikavipeleka Ukutani. Ikishindwa kuandika, haipeleki kitu.

Sasa, diski hujaa. Hilo si jambo la ajabu, kabati la nguo nalo hujaa. Jana yake Dada Diski aliona diski ya Mashine ya Hewa inakaribia mwisho, akaenda kwa msimamizi wa zamu kuomba ruhusa ya kuiongeza.

"Kesho," alisema msimamizi.

Huyo ndiye waliyemwita Bwana Kesho, na sihitaji kueleza kwa nini. Mimi simwiti mvivu. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Tatizo lake ni woga. Alimwogopa meneja, akaogopa makosa, akaogopa hata simu yake mwenyewe ikilia. Kitu chochote kilichohitaji uamuzi alikisukuma mbele siku moja, akitumaini kitajifia njiani.

Kwa hiyo ruhusa ilitoka siku iliyofuata, baada ya chai. Dada Diski akachukua kompyuta yake ya mkononi, akajibanza pembeni katika chumba cha uangalizi, mahali ambapo akiinua macho anauona Ukuta. Bwana Kesho alikuwa kwenye meza yake ya katikati. Karibu na dirisha alikaa Mama Simu, mwanamke mnene mcheshi aliyepokea na kupiga simu zote za chini. Ukuta ulikuwa kijani kitupu. Njia ya mwisho kijani. Roho yake ikatulia, akaanza kazi.

Alifungua konsoli, yaani programu ya kusimamia mashine pepe zote, akaichagua Mashine ya Hewa, akaamuru diski yake iongezwe mara mbili. Mstari mdogo ukajaa taratibu, ukaandika "Imekamilika." Akatazama ukubwa wa diski. Ni ule ule wa zamani.

Hapa ndipo wanafunzi wanapozama. Mwanafunzi huona amri haikushika, akarudia, na akarudia tena, mpaka nafasi yote ya kompyuta kubwa inakwisha na mashine zote zinaanguka. Dada Diski aliijua tabia ya konsoli. Konsoli haitazami, inakumbuka. Inakuonyesha ilichokiona mara ya mwisho ilipoulizwa, na usipoiambia ikatazame upya itakulisha mambo ya zamani siku nzima bila haya. Akaupeleka mshale kwenye kitufe cha kurifreshi, akabofya.

Ukurasa ukapepesa, ukarudi. Diski sasa ilikuwa mara mbili. Akatabasamu peke yake, kama mtu aliyeupata ufunguo mfukoni alimokwisha kupekua.

Kisha akaona kitu kingine. Pembeni ya jina la Mashine ya Hewa, ambapo muda wote kulikuwa na kidoti cha kijani, sasa palikuwa na chekundu. Chini yake maneno machache: "Haijibu. Diski imejaa." Na saa ilipoanza kutojibu ilikuwa ya asubuhi, zamu ilipokuwa ndiyo kwanza imeshuka.

Tabasamu likamfia usoni. Akainua macho polepole, hataki, akautazama Ukuta.

Kijani. Oksijeni nzuri, sumu hakuna. Akachagua tarakimu moja tu, ile ya upepo wa njia ya mwisho, akaikazia macho. Upepo hautulii. Tarakimu ile kwa kawaida hucheza siku nzima, inapanda kidogo, inashuka kidogo. Alitazama mpaka macho yakamwuma. Haikucheza. Akatazama ya njia nyingine, na nyingine. Ukuta mzima hapakuwa na tarakimu hata moja iliyotikisika.

Akageukia meza ya katikati.

"Bosi," alisema, na sauti ilitoka ndogo. "Ukuta umekufa."

Bwana Kesho aligeuka, akautazama. "Umekufa vipi na unawaka?"

"Unawaka picha ya asubuhi. Mashine ya Hewa ilijaa, ikaacha kuandika. Tangu asubuhi hakuna kipimo kilichofika hapa. Tunaangalia picha."

"Una hakika?"

"Tazama upepo. Umeuona umesogea?"

Mama Simu akaacha kutafuna. Wote watatu wakautazama Ukuta, na ule ukijani wake, ambao kila siku uliwapa usingizi wa mchana, sasa uliwaangalia wao.

Utauliza kwa nini hakuna aliyeurifreshi Ukuta muda wote huo. Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nisimulie. Ukuta ulikuwa mzee. Ukiuambia utazame upya unazimika kabisa, unakaa giza muda mrefu kabla ya kurudi. Na sheria ya mgodi ilikuwa fupi: Ukuta ukizimika, king'ora kilie, watu wote wapande juu. Sheria nzuri hiyo. Lakini mwaka uliopita mwangalizi mmoja aliurifreshi katikati ya zamu, kwa wasiwasi tu. King'ora kikalia, mgodi mzima ukapanda, kazi ya siku ikafa, na hewa ikaonekana haina neno. Mwangalizi yule alihamishiwa getini, na mpaka leo anainua na kushusha kizuizi cha magari. Wachimbaji walikipa king'ora jina lake: "King'ora cha Mlinzi." Baada ya hapo hakuna aliyeandika amri yoyote, ila kila mtu alielewa. Ukuta unarifreshiwa zamu zikibadilishana, mgodi ukiwa mtupu. Katikati ya zamu unaachwa kama ulivyo. Ilikuwa kama kumweka mtu awe macho, halafu kumkataza kupepesa.

"Piga simu chini," Bwana Kesho alimwambia Mama Simu.

Mama Simu akapiga njia ya kwanza. Wakajibu, hawana neno. Akapiga nyingine, wakajibu wanacheka. Akapiga njia ya mwisho. Simu ikaita. Ikaita tena. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.

"Wanatoboa," alisema Bwana Kesho haraka. "Wakitoboa hawasikii kitu. Si ndiyo?"

"Huwa hawasikii," Mama Simu alikubali, lakini hakumtazama mtu.

"Kile kidude cha kupimia hewa," Dada Diski aliuliza. "Kile cha kiunoni. Si kingepiga kelele kama kuna kitu?"

Mama Simu akafungua droo yake taratibu, akatoa kidude cha njano, akakiweka mezani. "Chao hiki hapa. Betri imekufa. Waliniachia asubuhi, wakasema si kitu, Ukuta unatosha."

Bwana Kesho akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Kuirudisha hiyo mashine yako itachukua muda gani?"

"Diski nimeshaiongeza, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Lazima niingie ndani niiambie ina nafasi mpya, maana yenyewe haijui. Kisha niiwashe, vipimo vianze kuja. Nusu saa, kama haitagoma."

"Basi fanya hivyo. Fanya haraka, kimya kimya." Alishusha sauti kana kwamba meneja yuko chini ya meza. "Picha ibaki pale pale. Usiuguse Ukuta. Nusu saa si kitu, tangu asubuhi watu wako salama."

"Nani kasema wako salama?"

Jibu pekee lilikuwa picha ile.

Nisimpambe Dada Diski nikamfanya shujaa. Alifikiria kukubali. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kompyuta yake, na kichwani alijiona akimaliza kimyakimya, tarakimu zinarudi, kila kitu kijani, Twiga anapanda jioni akijinyoosha mifupa, na hakuna mtu aliyejua. Upande wa pili alijiona getini, anainua kizuizi, wachimbaji wanapita wanamwita Mlinzi wa Pili. Aliogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, na aibu ni kwamba kile kidogo ndicho kilichokuwa na sauti kubwa. Kisha simu ya njia ya mwisho, ambayo Mama Simu alikuwa ameipiga tena bila kuambiwa, ikaita mpaka ikakatika.

Dada Diski akainuka. Akaiendea kibodi ya Ukuta, iliyokuwa mezani kwa Bwana Kesho. Bwana Kesho akaufunika kwa kiganja ule upande wenye kitufe. Hakukaza mkono. Kiganja kilikuwa kimelowa jasho.

"Nina watoto," alisema.

"Na mimi nina mdogo wangu chini."

Wakatazamana. Mtu yule alikuwa mtu mzima, na midomo ilikuwa ikimcheza kama ya mtoto anayejizuia kulia. Halafu akauondoa mkono, akageukia dirishani, akampa kisogo.

"Sijaona kitu," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia nje."

Dada Diski akabofya.

Ukuta ukazimika wote kwa mkupuo. Chumba kikawa na giza zaidi ya alivyotarajia. Kisha king'ora kikaanza kulia, na kutoka uwanjani zikasikika sauti za watu wakizomea hata kabla hawajajua kuna nini.

Alirudi kwenye kompyuta yake. Aliandika nywila akakosea, akaandika tena akakosea tena, ikabidi auume mdomo ndipo ya tatu ikashika. Akaiamsha ile mashine, akaingia ndani yake. Humo ndani diski bado ilikuwa ndogo na imejaa hadi juu. Ilikuwa kama nyumba iliyopanuliwa, lakini mwenye nyumba alikuwa bado amebanana katika chumba kile kile cha zamani. Akaandika amri ya kutandaza nafasi. Akasubiri. Dirishani aliona lifti ya kwanza ikimwaga watu, kofia zao zikiwaka taa mchana kweupe, wanasukumana, wanacheka, wanalaani. Mmoja alipiga saluti kuelekea chumba cha uangalizi. Lifti ikashuka, ikapanda tena na wengine. Alitafuta kichwa kinachowazidi wenzake wote. Hakukiona.

Lifti nyingine ikapanda na watu wawili tu. Aliwafahamu, walikuwa wa njia ya mwisho. Hawakucheka. Mmoja alitoka akashika nguzo akatapika. Dada Diski alifungua dirisha akapaza sauti, "Twiga yuko wapi?"

Yule mwingine alijikinga macho na jua. "Amerudi kuchukua mashine yake ya kutobolea. Kasema ni King'ora cha Mlinzi, hataki iharibike bure." Akajishika paji la uso. "Sisi vichwa vinatuuma tangu asubuhi. Tulidhani ni usingizi."

Bwana Kesho alisikia. Hapo, na nimpe haki yake, hakusema kesho. Alinyakua simu ya mezani akawaita waokoaji, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa: "Njia ya mwisho. Hewa mbaya. Vaeni vinyago, msisubiri vipimo."

Simu ya chini ikalia.

Mama Simu aliidaka kabla haijalia mara ya pili, akasikiliza, uso ukambadilika. Akaunyoosha mkono wa simu kwa Dada Diski.

"Twiga?"

Kwanza alisikia kicheko. Kicheko kirefu, chepesi, kisicho na sababu.

"Dada Diski," alisema mdogo wake. "Nafasi ipo?"

Alimjua ndugu yake tangu hajaota meno. Ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi, naye Twiga hakuwahi kunywa.

"Twiga, nisikilize. Hewa ya huko ni mbaya. Iache hiyo mashine. Inuka, utembee mpaka kituo cha lifti, sasa hivi."

"Mashine imelala. Na mimi nimekaa nayo. Tunapumzika kidogo."

"Usikae! Inuka!"

"Miguu siyo yangu, dada." Akacheka tena. "Nani kaniazima miguu hii?"

Alimsihi. Alimtaja mama, Twiga akasema mwambie nakuja, nikilala kidogo nakuja. Alimfokea, akamtukana, akamwita kwa jina lake halisi ambalo hata mama alilitumia siku za fimbo tu. Twiga alikuwa anaitika vizuri, "Ndiyo, dada," "Sawa, dada," kwa adabu zote, na kila jibu lilitoka taratibu kuliko lililotangulia. Mama Simu alikuwa amefunga macho, anaomba. Dada Diski aliona kwamba anampoteza mtu wake hapo hapo mkononi, anamsikia anavyokwenda.

"Basi nashuka," alisema.

Alisikia pumzi.

"Nani?"

"Mimi. Nashuka kukuchukua."

Hapo Twiga alikawia. Maana watu wote waliomjua Dada Diski walijua jambo moja: hakuwahi kuingia katika lile shimo, hata siku ya kwanza ya kazi walipowatembeza wageni. Alifika mlangoni mwa lifti, akaangalia chini, akarudi akakaa kwenye gari. Twiga ndiye aliyekuwa akimtania kwa hilo kila wakila chakula cha jioni.

"Wewe unaogopa," alisema, na safari hii hakucheka.

"Naogopa sana. Nashuka hivyo hivyo. Nimeshavaa kofia."

"Hapana. Dada, hapana. Huku..." Alikuwa anatafuta neno, analikosa. "Huku kubaya. Usije."

"Nimeshafika mlangoni."

"Nimesema usije!"

"Kama hutaki, njoo unizuie," alisema Dada Diski, na akajiuma ngumi asilie kwenye simu.

Kitu kikagonga mwamba, mara mbili, mara tatu. Ulikuwa ni mkono wa simu uliodondoka, unaning'inia. Nyuma yake alisikia buti zikiburuzwa. Zikaburuzwa, zikasimama, zikaburuzwa tena. Halafu hakusikia kitu, ila mvumo wa waya.

Kwenye kompyuta yake nafasi ilikuwa imeshatandazwa. Aliiwasha huduma ya vipimo kwa kidole kimoja, sikio bado kwenye simu. Ukutani zikaanza kurudi tarakimu, moja moja, njia ya kwanza kijani, na zinazofuata kijani. Njia ya mwisho ilikawia. Ilipokuja, ilikuja nyekundu juu mpaka chini. Oksijeni ilikuwa imeanguka. Sumu ilikuwa imepanda. Upepo, ile tarakimu aliyoikodolea macho, sasa ilikuwa sifuri. Feni ilikuwa imesimama, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

Bwana Kesho akakaa kitini polepole.

Dada Diski akamwachia Mama Simu ile simu, akakimbia.

Mdomoni mwa shimo watu walikuwa wamejaa, na hakuna aliyezomea tena. Habari za nyekundu zilikuwa zimewafikia. Walimpisha. Mwendesha lifti alimwambia waokoaji wameshashuka, na kabla ya hapo alikuwa ameiteremsha lifti tupu, imsubiri mtu wao chini, mlango wazi. Kituo cha chini hewa yake ni nzuri, akamweleza, inatoka moja kwa moja juu. Mtu akifika pale amepona. Anavuta kamba ya kengele, anapandishwa.

"Amevuta?"

Mwendesha lifti alitikisa kichwa. "Hata kidogo. Ilibidi niipandishe tupu niwachukue waokoaji."

Basi hakufika. Alisikia buti zile zikisimama, sasa alizisikia upya, akajaribu kuhesabu zilisimama wapi. Alianguka njiani, gizani, peke yake, akija kumzuia mtu ambaye hakuwa anakwenda popote. Dada Diski alikishika chuma cha baridi cha mlango kwa mikono miwili. Alimwona mama akifungua mlango wa nyumbani. Alijaribu kutafuta sentensi ya kumwambia, na kila aliyoipata ilianza na neno "nilimdanganya". Mtu mmoja alimwekea koti mabegani, hakujua ni nani.

Kengele ikalia.

Kamba zikakaza, zikaanza kuvuta. Lifti ilipanda kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, haimjali mtu. Ilipofika mlango ukafunguliwa, wakatoka waokoaji wanne, wamembeba mtu katikati, miguu yake mirefu inaburuzika nje ya machela. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Alikuwa amefungwa kinyago cha hewa. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yanatembea.

Kiongozi wa waokoaji alivua kinyago chake, anahema, amekasirika.

"Mtu wenu ni mkorofi," alisema. "Tumemkuta pale pale kituoni. Mwenyewe anasema lifti ilifika mbele yake, mlango wazi, hakupanda! Iliondoka na kumwacha. Kajilaza kwenye mdomo wa njia, kashika nguzo huku na nguzo huku, kama komeo. Tumemng'oa kwa nguvu. Mimi kanipiga teke."

"Kwa nini?" aliuliza mmoja.

"Anasema dada yake anashuka, atataka kuingia huko ndani, na yeye hampishi."

Dada Diski alipiga magoti kando ya machela. Macho ya Twiga yalizunguka, yakampita, yakarudi, yakamkuta. Mkono wake ukainuka ukamshika kifundo cha mkono. Akasema kitu ndani ya kinyago, ikabidi ainame karibu kabisa ndipo asikie.

"Umepitia wapi? Nilikaa mlangoni."

"Sikupita," alisema Dada Diski. "Ulinizuia."

Twiga akafumba macho, ameridhika, mkono hauachii. Waokoaji wakainua machela, naye akainuka nayo, akatembea kandokando hadi kwenye gari la wagonjwa.